Kumwita Mgeni

Katika vigango vya pwani yetu ya kaskazini, tangu Kigoma hata mpakani kwa Burundi, kumezuka shauri ambalo mababu hawakulijua. Vijana wenye simu za kisasa wasema: Tuliweke kanisa letu katika mtandao, tupige picha zake, tuandike saa za Misa, tuonyeshe katika ramani mahali lilipo, ili wageni wapate kuja. Wazee wengine wameridhia. Wengine wametikisa kichwa na kujibu kwa methali iliyo kongwe kuliko simu zote: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sisi hatupendi kuwacheka wazee hao, wala hatupendi kuwavunja moyo vijana. Twaona kwamba chini ya maneno yao pana swali lenye uzito, nalo si swali la vyombo, bali ni la haki na ukweli. Je, yafaa kanisa kuvuta watu? Na likiwavuta, lawavuta kwa faida ya nani?

Tuchukue Kagunga iwe mfano wetu. Hapo milima yashuka karibu na maji, na kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa kama kitabu kati ya vitabu viwili. Mtu atokaye Kigoma mjini hupanda boti ya mbao yenye injini, akavipita vijiji vya wavuvi, akaupita msitu wa Gombe, ndipo hatimaye auone ufuko wa Kagunga na, ng'ambo kidogo, nchi ya watu wengine. Watalii wengi hushuka Gombe na kugeukia hapo. Tangu Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, sokwe wa msitu ule wamepigwa picha na kuandikwa vitabuni hata wakajulikana London na Chicago. Lakini Mkristo wa Kasulu aliye na safari ya kwenda Kagunga Jumamosi hana mahali pa kusoma kesho yake atasali saa ngapi. Hatusemi hivi kwa kuwaonea sokwe wivu. Twasema tu kwamba kujulikana hakuji peke yake. Kuna watu waliofanya kazi hata Gombe ikajulikana.

Basi ni nani huja Kagunga? Huja wachuuzi wa dagaa na wa mawese. Huja wavuvi wanaohama wakifuata samaki. Huja watu wa Burundi wenye shemeji na binamu upande huu, maana mpaka ulichorwa juu ya jamaa zilizokuwapo kabla yake. Huja mwalimu kijana au mganga wa zahanati aliyepelekwa na serikali kutoka mkoa wa mbali, ambaye hajui Kiha, hana ndugu hata mmoja, na jioni ya kwanza hukaa mlangoni akitazama maji. Hao wote ni wageni, na baadhi yao wangependa kujua kama pana kanisa, na kama watapokewa humo.

Wazee wana hoja nyingine tusiyoweza kuipita. Wasema imani katika pwani hii ililetwa kwa miguu, si kwa picha. Ni kweli. Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, baada ya safari ya miezi mingi tangu Bagamoyo. Hakuna tangazo lililowatangulia. Mwaka uleule walikwenda Rumonge, kaskazini ya Kagunga katika pwani ya Burundi ya leo, na mwezi wa Mei 1881 mapadre wawili na msaidizi wao mlei wakauawa huko. Watu wa namna hiyo hawakujitembeza. Walakini tukumbuke jambo moja ambalo wazee huliacha: wamisionari hao waliandika. Waliandika barua na habari za kila siku, na barua zao zikapigwa chapa Ulaya, zikasomwa na vijana, na baadhi ya vijana hao wakaja. Kalamu na miguu vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Kuhusu vyombo vyenyewe, Kanisa limekwisha sema, nasi hatuna haja ya kukawia hapo. Redio ya Vatikano, iliyojengwa na Marconi, ilifunguliwa na Papa Pius wa Kumi na Moja mwaka 1931. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963. Vatikano iliingia katika intaneti Krismasi ya mwaka 1995, na mwaka uliofuata Radio Maria ilianza kusikika katika Tanzania. Hakuna awezaye kusema leo kwamba chombo ni haramu. Lililobaki ni namna ya kukitumia, na hapo ndipo penye shida.

Msomaji wetu atoke nje usiku usio na mbalamwezi, asimame ufukoni, atazame ziwani. Ataona kama mji mzima umeshuka juu ya maji, taa kando ya taa. Hapo zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni balbu za betri na za nguvu ya jua. Dagaa huiona nuru, hupanda, hukusanyika chini yake, huzunguka kwa furaha kama watoto uwanjani. Kisha wavu huinuliwa. Ile taa ni nzuri kweli, na sisi tulio pwani twaishi kwayo. Lakini haikuwashwa kwa ajili ya dagaa.

Usiku uleule iko taa ya namna nyingine. Mtu wa mwaloni ajuaye kwamba boti imechelewa huwasha kitaa chake na kukitundika juu ya mti. Ni kitaa kidogo. Hakimwiti asiyekuja. Humwambia tu aliyekwisha kuwa majini: hapa pana mchanga, pale pana mwamba, pitia huku. Aliyekiwasha hapati kitu. Pengine anapata hasara ya mafuta.

Twaona kwamba tangazo la kanisa laweza kuwa taa ya kwanza au taa ya pili, nayo macho hayatofautishi upesi, kwa kuwa zote mbili hung'aa. Mtu atatuambia: Je, Bwana wetu hakuwachagua wavuvi, akawaahidi kwamba watavua watu? Ndiyo, aliwaahidi. Lakini hakuna mfano unaochukua mizigo yote. Samaki atolewa majini afe. Mwanadamu atolewa majini apate kuishi. Mtume anayemvuta mtu ili kikapu chake mwenyewe kijae ameelewa nusu ya mfano, na nusu aliyoielewa ndiyo ile ya wavu. Tena tumtazame Filipo. Nathanaeli alipotia shaka kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti, Filipo hakusifu mji wala hakuongeza chumvi. Alimwalika tu aende akajionee mwenyewe. Huyo alikuwa na taa ya mwaloni.

Sasa twawezaje kujua taa tuliyowasha ni ipi? Tutazame tunachokionyesha, na zaidi tutazame tunachokificha.

Picha ya sikukuu si uongo. Bibi arusi hasemi uongo kwa kuvaa vizuri, na kanisa lililopambwa maua ya Pasaka ni kanisa lilelile. Mgeni mwenye akili ajua kwamba si kila Jumapili kwaya huvaa sare mpya. Hatuoni kosa hapo, ingawa twakiri kwamba zile picha zipigwazo kutoka angani, ambamo rangi ya ziwa imeongezwa hata likafanana na rangi ya chupa, zatuchosha. Uongo ulio hatari katika vijiji vyetu si wa picha. Ni wa ratiba. Kuandika kwamba kuna Misa kila Jumapili mahali ambapo padre hufika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista huongoza Ibada ya Neno, ni kumdanganya mtu katika jambo analolithamini kuliko rangi ya ziwa. Ibada ya Neno si kitu cha kuonewa haya. Iandikwe kwa jina lake, na atakayekuja aje akijua.

Sisi wenyewe tuliwahi kusafiri usiku kucha kwa kutegemea ukurasa wa parokia moja, ambayo hatutaitaja. Ukurasa ulikuwa mzuri, una picha ya mnara na maneno ya kukaribisha. Ulisema Misa ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Tulifika saa mbili kasorobo, tukakuta mlango una kufuli na mbuzi wawili wamelala kivulini. Mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo alituhurumia, akatuambia ile ratiba ilikuwa ya padre aliyehamishwa miaka mitatu nyuma. Aliyeiandika hakuwa mwongo. Siku aliyoiandika ilikuwa kweli. Lakini neno lililoandikwa huendelea kusema hata mwandishi akinyamaza, na ahadi isiyotunzwa huharibika kama samaki.

Tukiwa bado katika habari ya saa, wenzetu wa mpakani wana shida yao ambayo mjini haijulikani. Saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja kamili, na ya Kongo ya mashariki vivyo hivyo. Mtu wa Burundi akisoma kwamba Misa ya Kagunga ni saa mbili, akafuata saa ya kwao, atafika wakati watu wanapopokea baraka ya mwisho. Hata mkaaji wa Kagunga, simu yake ikikamata mnara wa upande wa pili, yaweza kujirudisha nyuma yenyewe bila kumwomba ruhusa. Tena kuna hesabu yetu ya Kiswahili. Kijana akiandika 2:00 akidhani ameandika saa mbili za asubuhi, mgeni wa mbali ataisoma kuwa ni saa nane za usiku, naye atastaajabia ucha Mungu wa watu wa Kagunga. Mambo haya ni madogo, lakini upendo kwa mgeni hupimwa kwa madogo ya namna hii: kuandika, saa mbili asubuhi kwa saa ya Tanzania, kuandika boti huondoka wapi, kuonya kwamba katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa na safari huweza kukwama. Tangazo linalomwambia mtu asije leo, kwa sababu ziwa limechafuka, ni tangazo la kweli la kanisa.

Twaingia sasa katika jambo lililo zito kuliko yote.

Kagunga iliwahi kujulikana duniani kote kwa muda wa majuma machache. Ilikuwa miezi ya Aprili na Mei ya mwaka 2015, palipotokea machafuko Burundi, na wakimbizi makumi ya maelfu wakafika katika ufuko ule mwembamba. Hawakuona ukurasa wowote uliowakaribisha. Walikuja kwa sababu palikuwa karibu na palikuwa salama. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, na kipindupindu kikaingia. Katika mkoa wetu watu zaidi ya 30 walikufa mwezi ule wa Mei, wengi wao wakimbizi, na wenyeji pia. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambini Nyarugusu. Picha zilipigwa nyingi: mama na mtoto juu ya mchanga, wagonjwa juu ya mikeka, foleni ndefu mbele ya boti. Picha hizo zilileta msaada, na msaada uliokoa watu. Hatuwezi kuwalaumu wapiga picha.

Lakini yule mama hajaondoka katika mchanga ule. Yeye mwenyewe pengine amekwisha rudi kwao, amejenga, amepata wajukuu. Katika picha bado yuko pale, mwenye kiu, hana kanga nyingine, na yeyote duniani aweza kumwona kwa kubonyeza kidole. Je, aliulizwa? Na kama aliulizwa, mtu aliye katika hali ile aweza kukataa?

Basi kanisa lililo mpakani likitaka kujitangaza, ni lazima likumbuke kwamba waumini wake si maua ya kupamba ukurasa. Mtu aliyepiga magoti amejitoa mbele ya Mungu, hakujitoa mbele ya dunia. Katika benchi moja aweza kuketi mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga, na kando yake kijana ambaye kwao wapo watu wanaouliza alikimbilia wapi. Wameingia kanisani kwa kuwa ni mahali pa amani. Picha moja ya Misa ya Jumapili, iliyopigwa kwa nia njema na kuandikiwa jina la kijiji na tarehe, yaweza kuwa barua kwa wale wanaowatafuta. Mpiga picha hatajua kamwe alichokifanya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya taarifa za watu, nasi twaisifu. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, dhamiri ingekuwapo. Tungependa desturi iwe hivi: jengo lipigwe picha, altare ipigwe, ziwa lipigwe watakavyo, nyuso za watu zisipigwe bila wenyewe kukubali, na nyuso za watoto, wagonjwa na wakimbizi zisiwekwe kabisa. Mtu atasema ukurasa usio na nyuso hauvutii. Huenda. Lakini ndivyo ilivyo taa ya mwaloni, haivutii sana.

Na hapa twawaambia kwa upole wale wanaofikiri kwamba picha ya umaskini italeta wafadhili kujenga paa. Paa livujalo lipigwe picha, kwa kuwa paa halioni haya. Bibi kizee aliyeketi chini ya tundu lake aachwe asali.

Kuhusu hesabu tutasema machache. Mtandao huwapa watu tarakimu: watu kadhaa wametazama, watu kadhaa wamependa. Tarakimu hizi ni tamu, na kijana anayetunza ukurasa atajikuta asubuhi akizisoma kabla ya kusali. Mtu elfu moja waliotazama picha ya kanisa la Kagunga wakiwa vitandani mwao katika miji ya mbali si wageni. Mgeni ni yule mchuuzi mmoja aliyeshuka kwenye boti na kuuliza njia. Hati ya Vatikano ya mwaka 2002 juu ya Kanisa na Intaneti ilieleza wazi kwamba katika intaneti hakuna sakramenti. Kwa hiyo ukurasa ni kizingiti tu. Mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani hufarijika kusikia Misa kwa redio au kwa simu, nasi hatumnyimi faraja hiyo. Lakini aliye na miguu, tumsaidie kutumia miguu.

Yabaki mlango wenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1221, yaagiza kwamba wakati wa ibada kuingia kanisani kuwe huru na bila malipo. Na kanuni ya 937 yataka kanisa linalotunza Ekaristi liwe wazi angalau saa kadhaa kila siku, isipokuwa kuwe na sababu kubwa ya kulizuia. Haya yaliandikwa kabla mtu hajafikiria kurasa za intaneti, na kwetu ndiyo kipimo cha kwanza cha kila tangazo. Kanisa linalofungwa kwa kufuli tangu Jumapili hata Jumapili lisiandike kwamba mlango wake u wazi daima. Lipate kwanza mtu wa kushika ufunguo. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini twajua vigango ambamo mgeni huketi benchi la nyuma, akasikiliza matangazo ya michango ya jumuiya asizozijua, akatoka, na hakuna aliyemwuliza jina. Huyo hatahitaji kusoma ukurasa wetu mara ya pili. Kama nguvu za vijana ni chache, na ni lazima wachague kati ya kutunza ukurasa na kusimama mlangoni Jumapili kumsalimu asiyejulikana, tungewashauri wasimame mlangoni. Lakini hatuoni kwa nini wasifanye yote mawili.

Tena wasitwishe mzigo mtu asiyeulizwa. Mara nyingi namba ya simu inayoandikwa ni ya katekista, maana ndiye anayepatikana. Huyo ana shamba lake, ana nyavu zake, ana mkewe na wanawe. Na sasa apigiwe usiku na mtu wa mbali aulizaye kama kuna hoteli? Afadhali inunuliwe simu ya kigango, iandikwe katika mali ya kigango, na gharama yake itoke katika mfuko wa kigango, si katika mfuko wa katekista, ambao sote twajua ulivyo.

Tuliposema haya na baadhi ya vijana wa pwani, walikubali upesi mambo ya picha, wakakubali mambo ya saa, wakacheka habari ya mbuzi wetu wawili. Ndipo mzee mmoja, wa upande wa methali, akawauliza: Hiyo simu ya kigango, usiku wa giza, wanaume wote wakiwa ziwani na katekista pia, mgeni akishuka na boti ya mwisho na kupiga, ataipokea nani? Vijana walitazamana. Binti mmoja akasema kwamba wanawake hawaendi ziwani, nao hawakuwa wameulizwa. Mkutano ukaahirishwa hadi Jumapili nyingine, ili waulizwe.